Sauti ya Nyuma ya Simu

Rangi ya sakafu ilikuwa haijakauka. Kila kiangazi sakafu ya shule ya kijiji chetu, Cotul Nucului, hupakwa rangi ya kahawia, na kila kiangazi hupakwa kwa kuchelewa. Kwa hiyo siku ya kwanza ya masomo ya lugha za kigeni wanafunzi waliingia madarasani viatu vikinata na kubanduka, kama watu wanaobusiana ovyo ukumbini.

Madarasa yalikuwa matatu: Kiitaliano, Kijerumani na Kireno. Hakuna aliyechagua lugha kwa kuipenda. Ulitazama tu kifurushi ambacho mzazi aliye kazini ughaibuni huwatumia kwa basi dogo kimetoka wapi. Aliyekula chokoleti ya Ujerumani alikwenda Kijerumani. Aliyeoga kwa sabuni ya Lisbon alikwenda Kireno. Vitalie peke yake, ambaye mama yake hakwenda popote na alikuwa muuzaji katika duka la kijiji, aliingia Kiitaliano kwa sababu chumba cha somo hilo kilikuwa na kivuli.

Aglaia aliingia Kiitaliano bila kuuliza. Alikuwa na miaka kumi na saba, na mama yake, Raisa, alikuwa mwaka wa sita mjini Bergamo, kwa Waitaliano, akimtunza kikongwe asiyeweza kujigeuza kitandani, bibi Ortensia, au signora kama wanavyosema huko. Nyumbani Aglaia aliishi na babu yake, Simion. Raisa hakuwa amekanyaga kijijini kwa viangazi vinne. Mwaka huu aliahidi: siku ya Bikira Maria, sikukuu ya kijiji, mwishoni mwa Agosti, atakuwa mezani. Babu Simion alishapaka ukuta chokaa. Bata bukini mmoja alishatengwa na wenzake na kulishwa kwa heshima iliyopaswa kumtia wasiwasi.

Mwalimu Agripina alifundisha Kifaransa hadi Kifaransa kilipoishiwa na wanafunzi, akahamia Kiitaliano kama mtu anayehamia nyumba ya jirani. Wafadhili wa masomo ya kiangazi walimwahidi Mwitaliano wa kweli wa kumsaidia. Mwitaliano hakuja.

"Haya," alisema mwalimu. "Kila mtu ataje jina lake kwa Kiitaliano. Aglaia, anza wewe."

Aglaia akasimama, akafungua kinywa, na ikatoka sauti ya kikongwe, nzito kwa makohozi.

"Fungua dirisha," ilisema kwa Kiitaliano. "Si hilo. Lile jingine. Mungu wangu, una mikono ya mti?"

"Anataka dirisha lifunguliwe," mwalimu aliwatafsiria. "Lile jingine."

Vitalie alikuwa karibu nalo. Akalifungua.

"Tayari, bibi," alisema. "Upepo unakutosha, au nikuitie na mvua?"

Mwalimu Agripina akageukia ubao, akaandika: Hali ya kuamuru. Kisha akaeleza kwamba hiyo ni lafudhi ya kaskazini, nzuri tu, ila wasiige kikohozi.

Aglaia aliijua sauti ile. Kwa miaka sita aliisikia nyuma ya mama yake kwenye simu, ikiita kutoka chumba cha pili. Mama alikuwa akisema "ngoja kidogo, mwanangu," na simu inakatika. Sasa sauti ilikuwa imesogea mbele, basi.

Kuanzia siku hiyo masomo yalikwenda vizuri. Signora Ortensia alipotaka kitu Bergamo, alikitaka kwa kinywa cha Aglaia, na mwalimu alikiandika ubaoni. Watoto wa Kijerumani walikuja kusikiliza mlangoni, kwa sababu wao walikuwa na kitabu tu, tena kisicho na jalada. Kufikia katikati ya Julai darasa zima liliweza, kwa Kiitaliano, kumgeuza mgonjwa, kumkausha, kumpaka mafuta visigino na kumtafutia miwani ambayo ameikalia mwenyewe. Hakuna aliyeweza kuagiza kahawa.

Wakati wa mapumziko walikula mikate ya jibini chini ya mti wa jozi.

"Signora," Vitalie alimwambia Aglaia, "unagawa?"

"Niite Aglaia."

"Nitajuaje kama ni wewe? Sema kitu kisicho amri."

"Nyamaza, Vitalie."

"Hiyo nayo ni amri."

Aglaia akafikiri. Akamkatia kipande cha mkate, wakala pamoja.

Shida ilikuwa kwamba yeye mwenyewe hakuweza kusema Kiitaliano hata kidogo. Mwalimu Agripina alimbakiza baada ya vipindi ili ajaribu.

"Sema, mimi nataka. Kitu chochote unachotaka wewe, binti yangu."

Aglaia alijua anachotaka. Alikipanga neno kwa neno, akavuta pumzi.

"Nataka mto mwingine," ilisema sauti ya signora.

"Kisarufi hakuna kosa," alisema mwalimu, akamruhusu aende nyumbani.

Siku moja, katikati ya somo la nguo za kitandani, sauti ilisema, "Umeniuliza tena, Raisa. Nimesema nitafikiria. Agosti mwanangu anakwenda baharini, na wewe unataka kwenda kwenu. Na mimi nani atanigeuza? Nyanyua mguu. Polepole."

Mwalimu aliandika ubaoni: Nitafikiria, wakati ujao. Aglaia alilitazama neno hilo hadi kengele ikalia.

"Anayefikiria hajakataa," Vitalie alimwambia walipokuwa wakitoka. Hakumtania tena siku hiyo.

Jumapili Raisa alipiga simu. Babu Simion alikuwa akisonga ugali wa mahindi, na Aglaia aliiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Signora ameanza kusema lugha yetu," alisema Raisa. "Kwa sauti yako, mwanangu. Jana namkata kucha, akaniuliza, 'Mama, unakuja lini?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia siku ya Bikira Maria. Halafu nikamwambia atulize kidole."

"Mwanawe anasemaje?"

"Alimwita daktari. Daktari kasema ni uzee."

"Raisa," Babu Simion aliinamia simu, "hata bata anakuulizia."

"Mwambie ajiandae, baba."

Walicheka wote watatu. Ndipo signora akaita. Aliita Bergamo, nyuma ya Raisa, na wakati huo huo akaita jikoni kwa Simion kwa kinywa cha Aglaia: maji, maji, maji. Raisa akakata simu. Babu akajaza kikombe maji akampa mjukuu wake, naye akayanywa yote.

Mtihani ulifanyika siku moja kabla ya sikukuu. Sakafu ilikuwa imekauka, na mtahini aliyetumwa na wafadhili kutoka mji mkuu alipita ukumbini bila viatu vyake kutoa sauti yoyote. Wanafunzi wote waliruhusiwa kukaa na kusikiliza. Aglaia alikuwa amevaa gauni la kesho, ili kulijaribu.

"Jina lako nani?" mtahini alimuuliza kwa Kiitaliano.

"Mimi si Aglaia," ilisema sauti.

Mtahini akainua kalamu.

"Nimekwambia, Raisa, mimi si Aglaia. Acha kuniita hivyo. Na usilie juu ya supu, inapoa."

Darasa zima lilielewa. Walikuwa wamesoma vizuri kiangazi kile. Basi dogo hutumia siku mbili kutoka Bergamo hadi kwetu, na yule aliyekuwa na bakuli la supu mkononi hakuwa ndani ya basi. Vitalie alitazama viatu vyake. Mwalimu Agripina alifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Mtahini aliandika kwamba ukanushi ni sahihi na matamshi ni ya hali ya juu. Alimpa alama za juu kuliko wote, na cheti kilichosema kwamba anafaa kutunza wazee.

"Septemba kuna nafasi ya kazi Brescia," alimwambia. "Bibi mmoja, peke yake, nyumba nzuri. Una bahati, dada. Wengine huchukua miaka kupata lafudhi hiyo."

"Mama imemchukua sita," alisema Aglaia, kwa lugha yetu.

Siku ya Bikira Maria kengele zilipigwa, na meza zilitandikwa uani nyumba kwa nyumba. Basi dogo lilifika asubuhi na kifurushi. Ndani mlikuwa na sabuni, chokoleti, na blauzi ya maua iliyomtosha msichana wa miaka kumi na tatu. Aglaia aliipima mabegani, akaikunja tena vizuri.

Babu Simion alimchinja bata, kwa sababu alishaahidiwa. Kiti cha Raisa kiliwekwa, na divai ikamiminwa katika bilauri yake. Cheti kilikuwa chini ya sahani ya mkate ili upepo usikichukue.

"Brescia ni mbali na Bergamo?" aliuliza babu.

"Si mbali."

"Basi mtaonana."

"Tutasikiana," alisema Aglaia.

Mwalimu Agripina alipita kuwasalimu, na Vitalie akaja na tikiti maji kutoka dukani kwa mama yake, akakaa kwenye kiti cha Raisa, akagundua, akahamia benchi. Walikula. Mtaa wa pili walikuwa wakicheza ngoma. Upepo wa jioni ulipoanza, Aglaia aliweka kijiko chini.

"Supu," ilisema sauti ya signora Ortensia.

Hakuna aliyegeuka. Babu Simion alienda jikoni, akarudi na supu ya kuku na tambi, na mto. Aliuweka mto mgongoni kwa mjukuu wake, akaupulizia mchuzi, akamnywesha kijiko baada ya kijiko.

"Baridi," ilisema sauti. "Funga dirisha."

Babu alielewa, maana kiangazi chote alijifunza jikoni kutoka kwa sauti hiyo. Akainuka, akaenda kufunga dirisha la nyumba lililokuwa karibu na meza.

"Si hilo. Lile jingine."

Akafunga lile jingine.