Sauti ya Dama Shuleni Mwamba

Jumatatu moja ya Januari, mwaka wa tisini na tatu, Mbeyu na bintiye Dama walisimama nje ya lango la Shule ya Wasichana ya Mwamba, mtaani Tudor, na sanduku la bati, ndoo, na godoro lililofungwa kwa kamba. Dama alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nane na kuitwa shule hiyo ya serikali ambayo kila mzazi wa pwani aliiota. Musyoka, bawabu, akawaambia nafasi zimejaa.

"Zimejaaje, na mwanangu ameitwa?"

"Mama, mimi nashika komeo tu. Waliozijaza wamepita na magari."

Ndani, kwenye darasa lililo karibu na ua, mwalimu alikuwa akiita majina. Alipofikia jina la Dama Katana, aliyeinua mkono alikuwa Caroline, binti wa mkubwa mmoja wa mkoa. Nafasi aliyonunuliwa ilikuja na jina la Dama, naye akalivaa kama sare. Lakini Dama naye, huko nje, alisikia akiitwa. Kwao Kaloleni mtoto akiitwa na mkubwa haulizi anaitiwa nini.

"Nipo!" akaitika.

Sauti ikapita kwenye nondo za lango, ikavuka ua, ikaingia darasani. Haikutoka. Dama alipotaka kumwomba mamake maji, kinywa kilifunguka kikafumbika, kitupu. Mbeyu akamtazama, akalikaza godoro kamba, wakarudi chumbani kwao Majengo. Kesho yake wakaenda wote wawili Shimanzi, kwenye godauni alikofanya kazi Mbeyu, wakakaa chini na wanawake wenzao kuchambua kahawa.

Juma lilipokwisha Mbeyu alirudi kuidai sauti. Alipokewa na mwalimu wa historia, mzee Abdulhussein, akampeleka nyuma ya darasa, penye benchi refu lisilokaliwa na mtu.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kumchukua."

"Marahaba, mama. Yupo hapo, wa mwisho kulia. Zisikutishe hizo sauti nyingine, ni wenzake." Akaashiria kwa chaki. "Wa dirishani ni wa enzi za gavana. Babake alibeba mawe ya jengo hili mgongoni, alipomleta binti akaambiwa shule si ya rangi yake. Wa pembeni yake ni wa baada ya uhuru. Bendera ilibadilishwa, komeo likabaki lile lile."

"Nanyi mwawafanyaje?"

"Twawasomesha. Wanafunzi wazuri mno. Hawatoroki, wala hawaombi ruhusa ya kwenda chooni."

"Mama," sauti ya Dama ikasema, "leo tumeanza aljebra. Niache kidogo."

Mbeyu akaiacha. Mama gani angemtoa mwanawe darasani?

Tangu hapo, kila siku ya wazazi, Mbeyu alikuja na Dama na chungu cha wali wa nazi na samaki wa kupaka. Wenye magari walitandika mikeka kivulini. Mbeyu alikaa nyuma ya darasa. Dama alikula, na benchini sauti yake ikasema, "Mama, leo umezidisha chumvi."

"Kula, usinichoshe," Mbeyu alijibu, na wote watatu walifurahi kwa namna yao.

Miaka ikaenda hivyo, hadi mtihani wa kidato cha nne. Caroline hakuwa mtoto mbaya, ila vitabu vilimpiga chenga. Alikaa mbele ya karatasi akiwa ameshika kalamu, machozi yakimlenga. Karatasi iliandikwa Dama Katana. Sauti ilipoliona jina hilo, ikaona ni haki yake kuijaza. Ikamwinamia Caroline sikioni, ikamsomea majibu, na Caroline akaandika. Msimamizi alisikia, lakini kanuni zilikataza wanafunzi kunong'onezana; kuhusu sauti hazikusema kitu.

Dama Katana akawa wa kwanza mkoa mzima. Mbeyu alivaa leso mpya akaenda kwa mwalimu mkuu.

"Hongera, mama," mwalimu mkuu akasema, "shule inajivunia sana sauti ya bintiyo. Lakini cheti kimekwisha kuchukuliwa na mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Nairobi, akijiandaa kwa chuo kikuu. Hakuna aliyeitwa mwizi. Nchi hii haijapata kukosa adabu kiasi hicho.

Mbeyu akaingia darasani na Dama, mikono ya binti ikiwa na weusi wa buni usiotoka kwa sabuni.

"Twende nyumbani, mwanangu. Masomo yamekwisha."

"Nikaseme nini, mama?" ikauliza sauti. "Niseme mimi ni nani?"

Dama alisogea hadi kwenye benchi, akapiga magoti, akafungua kinywa wazi, kama mtu amfunguliaye mgeni mlango. Akangoja. Shingo ikamtetemeka, akazidi kungoja. Sauti haikusogea. Mwishowe akafumba kinywa, akakipangusa kwa ncha ya leso ya mamake.

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia.

"Mama," sauti ikasema polepole, "mwambie Dama ajifunge kitambaa puani akiwa kazini. Vumbi la godauni huua mapafu. Tumesoma."

"Nitamwambia," Mbeyu akasema.

Dama alikuwa amesimama ubavuni pake, akisikia.