Mke wa Nuhu Mbele ya Mlango wa Bi Avice

Hamo Gatley, mtunga mashairi, alikuwa amemwomba Mungu mengi maishani mwake, lakini asubuhi ile ya Sikukuu ya Mwili wa Bwana aliomba moja tu: Bi Avice aumwe jino. Si sana. Kiasi cha kumweka ndani hadi gari la Nuhu lipite.

Mungu hakumpa. Jua lilipochomoza Bi Avice alikuwa ameshaketi nje ya mlango wake, kitambaa cheupe kichwani, chini ya lile tawi analolitundika kila pombe yake ya shayiri inapoiva. Magari ya mafundi yalikuwa yakizunguka mji wa Thornwick, kila chama kikiigiza juu ya gari lake kisa chake cha Maandiko. Waokaji walikuwa na Karamu ya Bwana, wachota maji na Gharika. Kila gari lilipaswa kusimama mahali kumi na pawili, mchezo uchezwe, lisukumwe mbele. Na mwaka huu mahali pa nne palikuwa hapo hapo mlangoni.

Hamo alikuwa mpangaji wa Bi Avice mwaka wa sita sasa, chumba cha juu. Mkate wa moto, utulivu, mishumaa ya kuandikia: hakuwahi kukaa mahali pazuri hivyo. Na sakafu ya mbao ilikuwa na nyufa. Chama cha wachota maji kilipotaka mke wa Nuhu apewe maneno mapya, maana yale ya zamani yaliwapa watu usingizi, Hamo hakuumiza kichwa. Alilala kifudifudi, akatega sikio, akaandika yote aliyosikia Bi Avice akiwaambia wateja.

Tatizo ni kwamba mpangaji aliyemtangulia, karani mmoja, alirudia kisimani maneno ya mezani pa Bi Avice. Siku ile ile alikuta godoro lake barabarani, linanyeshewa.

"Hamo, mbona unatetemeka kama kondoo aliyenyolewa?"

"Baridi, Bi Avice."

"Mwezi wa sita huu?"

Gari likafika, linalia magurudumu. Juu yake alisimama mzee Tebald, ndiye Nuhu, na Wat Pask, mchota maji mwenye shingo ya fahali, ndiye mke. Gauni lilimbana, na ndevu alikuwa amezinyoa nusu nusu.

"Mke wangu, ingia safinani!" akaita Tebald.

"Safina?" akajibu Wat kwa sauti nyembamba. "Rafu ya jikoni ilikushinda, leo umejenga safina? Ningekuwa na kuku mwenye akili kama zako, ningemchinja kwa huruma!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Avice akajipiga paja.

"Huyo mwanamke ana akili!" akasema. "Umemtoa wapi, Hamo?"

Idonea, muuza samaki wa jirani, alikuwa amejishika mbavu.

"Shoga, kwani humjui? Si wewe huyo!"

"Mimi? Mimi nina mdomo hivyo?"

"Tangu nikujue. Hilo la kuku ulimwambia mume wangu, Jumamosi ya Pasaka."

Bi Avice akageuza shingo polepole, kama mtu afunguaye mlango mzito, akamtazama Hamo. Hamo akaangalia viatu vyake. Maji yalikuwa yamemfika shingoni kabla hata ya gharika kuanza, na lililo baya zaidi lilikuwa bado linakuja.

Likaja. Mke wa Nuhu, akiwa mlangoni mwa safina, anakumbuka majirani watakaobaki nje. Wat akalitamka neno lake kwa haraka, kama anayekimbiza nguruwe: "Nimepakua-na-chakula-chao-tena-mkono-haujui-kama-hawapo!" Watu wakaendelea kucheka.

Bi Avice hakucheka. Maneno yale, ila kwa 'chake' na 'hayupo', aliyasema peke yake, majira ya baridi ya kwanza baada ya ndui kumchukua mumewe, mbele ya sahani mbili. Hakujua kuna aliyesikia. Akainuka. Hamo akaliona godoro lake barabarani.

"Wat Pask!"

"Naam, mama!" Wat akasahau sauti nyembamba.

"Sivyo. Unakimbilia wapi? Mwanamke huyo amechoka. Ameshika upawa, chungu kiko mbele yake." Akapanda ngazi ya gari, akasimama karibu na Wat, na akasema taratibu: "Nimepakua na chakula chao tena. Mkono haujui kama hawapo."

Barabara nzima ikatulia. Idonea akajifuta macho na aproni yake yenye magamba. Mzee Tebald mwenyewe akavua kofia.

"Songeni huko mbele!" wakapiga kelele watu wa gari lililofuata. "Musa anangoja!"

Bi Avice akainama ukingoni mwa gari. "Hamo. Ungeniomba."

"Ungenikatalia, Bi Avice."

"Mara mbili. Ya tatu ningekubali. Wewe ulikuja hata hiyo ya kwanza?"

"Sikuja kabisa," akasema Hamo. "Nisamehe. Nilijua ni wizi, hasa hilo la mwisho. Lakini sikupata popote neno zuri kuliko hilo."

Bi Avice akamtazama kama anavyoitazama pombe kujua imeiva au bado.

"Marehemu mume wangu angefurahi kujua analiliwa na mji mzima," akasema. "Chumba ni chako. Ila nyufa utaziziba kesho, zote, nami nitakuwa nimesimama hapo nakuangalia. Ukitaka neno langu, shuka ngazi uniombe kama mtu aliyebatizwa."

"Ndiyo, Bi Avice."

"Sasa sukuma gari. Bado mahali panane, na huyu fahali nikimwacha ataharibu."

Hamo akaweka bega, akasukuma. Toka juu akasikia: "Polepole, Wat! Tena!" Akasukuma kwa furaha hata akamkanyaga Musa aliyekuwa ameshuka kuja kuwahimiza.