Bosi Hajala

Mpiga pasi alikuwa ameshavaa sare ya kazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, alipoona kwamba nyasi za jana bado zimejaa kwenye beseni la Bosi. Hazikuguswa. Sungura mwenyewe alikuwa amejikunyata nyuma ya cherehani mbovu, mgongo umepinda, macho nusu wazi, akisaga meno taratibu kama mtu anayetafuna mchanga. Pale sakafuni, alipozoea kufagia vinyesi vikavu vya mviringo kila asubuhi, hapakuwa na hata kimoja.

Mama yake alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kushoto umelala mapajani. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande ule mwaka uliopita. Hospitalini walimpangia mazoezi, kisha chumba cha mazoezi kikafungwa kwa ukarabati, na ukarabati ulipokwisha chumba kikageuka stoo. Kila walipokwenda waliambiwa warudi mwezi ujao. Ndipo msusi wa chumba cha pili alipowaletea sungura aliyetelekezwa na wapangaji waliohama. Mama akaanza kumpapasa kwa mkono mzima ili kupoteza muda, na siku moja kidole cha ule mkono uliolala kikajikunjua juu ya manyoya, kikafuatwa na kingine. Hakuna daktari aliyekuwepo kuona. Toka hapo mnyama akaitwa Bosi, kwa sababu ni yeye peke yake aliyeweza kumfanyisha mama kazi.

"Nilimpa mkate," mama alisema. Maneno yalitoka yakiburuzana. "Jana. Mwingi. Aliupenda."

Binti alikuwa na hasira na hakuwa na pa kuiweka. Alivaa kiatu cha pili akatoka.

Kazini kwake walifua na kupiga pasi mashuka ya mahoteli. Mvuke ulikuwa umeshajaa mpaka darini alipomfuata mkuu wa zamu kuomba ruhusa. Mkuu akamuuliza ni nani anayeumwa. Angeweza kudanganya, ila uongo haukumjia haraka, akasema ni sungura wa mama. Mkuu alicheka mpaka wenzake wakageuka. Akasema ingekuwa mtoto angefikiria. Na kweli, mwezi uliopita mwenzao alipouguliwa na mtoto, mkuu alifikiria, akafikiria mpaka zamu ikaisha.

Mpiga pasi alirudi mezani pake, akamalizia shuka lililokuwa mbele yake, akalikunja vizuri, akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Ukitoka, usinilaumu kwa utakayoyakuta kesho," mkuu alisema.

"Sitakulaumu."

Ofisi ya mifugo ilikuwa na dirisha moja na karani mmoja. Karani alimsikiliza huku akikoroga chai, kisha akamweleza kwa upole kwamba ofisi ile inashughulikia ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Sungura hayumo. Alipoulizwa sungura yuko chini ya nani, akasema hilo ni swali zuri, akarudi kwenye chai yake.

Alikuwa anaondoka kwa njia ya nyuma alipomkuta daktari mwenyewe, mwanamke wa makamo, amekaa kwenye ngazi na buti zake za mpira, akisubiri gari la ofisi ambalo halikuwa na mafuta. Mpiga pasi hakuwa na cha kupoteza. Alimweleza yote, pamoja na mkate.

Daktari aliuliza kama tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Hapana, alijibu, alipolishika asubuhi lilikuwa laini, kama unga uliokandwa. Daktari akaitikia kwa kichwa, ametulia kidogo. Akasema tumbo la sungura halitakiwi kusimama, na likisimama, kila saa ina maana. Dawa ya maumivu iliisha stoo na hajui italetwa lini. Lakini mengine yanawezekana nyumbani: apate joto, anyweshwe maji kidogo kidogo kwa pembeni mwa mdomo, apewe majani yaliyopondwa, akandwe tumbo polepole, atembezwe asilale tu. Na mkate usimkaribie tena.

"Tumbo likikaza au akaanza kuhema kwa shida, acha kumlisha, mlete kwangu," alisema, akitoa mkobani bomba la sindano lisilo na sindano. "Kwangu mimi. Usipitie dirishani."

Nyumbani bomba la maji la uani lilikuwa kavu, kama lilivyokuwa wiki nzima. Msusi aliposikia, alimwacha mteja wake na nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akachota maji kwenye pipa alilokuwa akilibania, akayachemsha. Mengine waliyaacha yapoe kidogo ya kunywesha, mengine wakayatia kwenye chupa wakaifunga kwa taulo. Mpiga pasi aling'oa nyasi kando ya ukuta, akaziosha, akaziponda na majani ya mboga mpaka zikawa uji wa kijani.

"Nipe," mama alisema.

Alimpakata Bosi juu ya ile chupa ya moto, akaanza kumkanda. Mkono wa kulia ulikwenda mbele, wa kushoto ukafuata ukijikokota. Binti alipiga magoti, akaingiza ncha ya bomba la sindano nyuma ya meno ya mbele. Maji ya kwanza yalimwagika yote kifuani mwa sungura. Ya pili aliyatema. Ya tatu akayameza, na wote wawili wakajikuta wamemeza pia.

Walifanya hivyo asubuhi ikaisha, jua likahamia upande wa pili wa chumba. Wakimpumzisha, wakimtembeza, wakimrudisha. Wakati mmoja alilala ubavu, na binti akaona mama amefumba macho midomo ikimtetemeka. Hasira yote ikamwisha hapo.

"Si kosa lako, mama. Hata mimi ningempa."

Mama aliendelea kukanda. Baadaye alisimamisha mikono ghafla, akainamisha sikio. Tumbo la Bosi lilikuwa linanguruma.

Walimweka sakafuni atembee, na hapo ndipo msimamizi wa nyumba alipotokea mlangoni. Amesikia kuna mnyama ndani. Mwenye nyumba hataki wanyama, wanachafua mazingira, na kufikia kesho awe ameondoka. Alikuwa amelirudia neno mazingira, hajalimaliza, Bosi alipopiga hatua mbili, akatulia, akadondosha kinyesi kimoja kidogo, kigumu. Kisha kingine. Kisha vingi, vikifuatana kama shanga zilizokatika uzi.

"Kanya," mama alisema, wazi kabisa.

Msusi alipiga kigelegele, na mteja wake akakipokea bila kujua cha nini. Mpiga pasi alikaa chini palepale akacheka machozi yakimtoka.

"Mnashangilia mavi?" msimamizi aliuliza.

"Ndiyo," mpiga pasi alisema. "Tunayashangilia."

Msimamizi alikohoa, akaanza upya habari ya uchafu. Mama ndiye aliyemkatiza. Aliinua mkono, ule wa kushoto, ukapanda ukitetemeka mpaka usawa wa bega, vidole vikakunjuka vikaelekea uani, kwenye bomba.

"Maji," alisema. "Kwanza lete maji."

Msimamizi alitazama mkono, akatazama bomba. Nyuma yake wapangaji walikuwa wameshatoka milangoni kuona kigelegele ni cha nini, na waliposikia neno maji, wengi walirudi ndani na kutoka tena na ndoo tupu. Hawakumtukana. Alipogeuka kuondoka, walimfuata tu mpaka getini, msusi akiwa mbele, wakamfuata na barabarani, mpaka kwa mwenye nyumba.

Jioni bomba lilikohoa, likatema hewa, kisha maji ya kutu, kisha maji. Mpiga pasi alipanga foleni na sare yake ya kazi. Alijua kesho mkuu wa zamu atamwadhibu kwa kumpeleka kwenye chumba cha mashuka machafu, na hakujua ataachwa huko mpaka lini. Zamu yake ilipofika aliweka ndoo chini ya bomba, akaiacha ijae pomoni.