Matanga ya Walimu wa Kompyuta

"Rudi Jumatatu," karani alisema bila kuinua macho. Alikuwa anakula mandazi juu ya meza ya serikali, nje ya mlango wa DO, mkuu wa tarafa.

"Mkutano ni leo, Idah," Muema alisema. "Saa nane. Nilikuja Jumanne, nikakuja jana."

"Na DO ameenda harambee. Unataka nikuwekee sahihi mimi?" Akapangusa vidole kwa gazeti. "Hata hii mkutano yenu sijaielewa. Walimu si wako na chama yao?"

"Sisi ni walimu wa kompyuta."

"Wa shule gani?"

Chuo alichofundisha Muema pale Kamenu kilifungwa mwezi uliopita. Mwenye jengo alipandisha kodi, na sasa hapo panauzwa nyama. Wenzake wa Thika na Ruiru walifundishia juu ya maduka ya vipuri, nyuma ya vinyozi, popote penye stima isiyopotea kila siku. Kila mwezi walikutana wachache wachache, kimya kimya, wakabadilishana disketi na masomo waliyojiandikia, na kuulizana mambo ambayo hawakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Serikali haikuwa na jina la watu kama hao. Mwaka huo wa tisini na sita, watu wasio na jina wakikaa pamoja bila leseni ya mkutano, ilichukuliwa wanapanga kitu.

Leo wangekuwa wengi kwa sababu ya mgeni. Zahra alikuwa anatoka Nairobi, kwenye shirika lililotuma masomo kwa waya wa simu, kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Alitafuta mji mmoja wa kuweka kituo, na kituo kingeajiri mwalimu. Wenzake walikubaliana mwalimu huyo awe Muema, kwa kuwa ndiye aliyebaki bila darasa. Zahra alikuwa amewaambia waziwazi: somo likiingia kwenye mashine yao leo kabla ya saa kumi, Nairobi hawajafunga ofisi, kituo ni chao. Lisipoingia, kuna watu Nakuru wanamngoja.

Kwenye ukumbi waliopanga kukutana, mlinzi, Kaleli, alikuwa ameketi juu ya ngazi na funguo mfukoni.

"Nimepigiwa simu kutoka ofisi ya DO," alisema. "Ati nisiwafungulie bila karatasi."

"Nani aliwaambia tunakuja hapa?"

"Si ni wewe? Ulienda kuomba."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lao. Mambo mengi Thika yalifanyika bila mtu kuomba, na yakafanyika vizuri.

Muema alimpigia Wayua kutoka kibanda cha simu. Wayua alifundisha taipu na kompyuta nyumbani kwake Witeithie, na alikuwa na laini ya simu. Alicheka aliposikia.

"Waambie wote waje kwangu. Wamama wajifunge leso. Tutasema ni matanga."

"Matanga ya nani?"

"Muema, wewe uliona wapi mtu akiomba leseni ya kulia?"

Ilipofika saa nane na nusu ua ulikuwa umejaa. Viti vya kukodi, sufuria ya chai kwenye jiko, walimu wenye tai wakijaribu kuonekana na huzuni. Kijana mmoja wa Membley alikuwa anacheka, akapigwa kofi la mgongo. Zahra alishuka kwenye gari lake, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Poleni. Nimekuja siku mbaya?"

"Siku ni nzuri kabisa," Wayua alisema. "Ingia ndani, dada."

Zahra aliunganisha kompyuta ya Wayua na simu kupitia kidude cheusi alichokuja nacho. Wakapiga Nairobi. Laini ilikuwa na shughuli. Wakapiga tena. Mara ya tatu kidude kilitoa mlio mkali kama wa mbuzi aliyekanyagwa, walimu wakajazana mlangoni, halafu laini ikakatika.

"Iko karibu," Zahra alisema. "Tupige tena."

Hapo ndipo nje mtu aliposema, "Chifu!"

Chifu Zacharia hakuwahi kupita matanga yenye watu wengi bila kuingia. Alikuja na askari wake, kofia na fimbo, akapewa kiti cha mbele. Wayua alitupa leso juu ya kompyuta na kutoka nje akipangusa macho makavu. Ilibidi wote watoke, Zahra pia. Mtu hakai ndani chifu akifariji wafiwa.

Chifu aliomba. Chifu akaongea juu ya vyoo, juu ya miche, juu ya pombe haramu, juu ya vijana wanaopotoshwa na watu wa vyama vingi. Muema alitazama saa ya jirani, kisha mlango, kisha saa. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro kidogo. Saa kumi ilipopita, Zahra aliingia ndani, akachomoa kidude chake, akakikusanya na waya zake. Alipompita Muema alimgusa bega.

"Pole, mwalimu. Sina namna. Naenda Nakuru."

Gari lake liliondoka.

"Sasa," chifu alisema, "mmoja wenu atueleze marehemu alikuwa nani."

Muema alisimama kabla Wayua hajamvuta shati.

"Marehemu alikuwa kituo cha masomo, mzee. Hakuwa na ugonjwa. Alienda ofisi kuomba leseni, wakamwambia arudi Jumatatu. Akafungiwa ukumbi. Akakimbilia hapa, na alikuwa bado anapumua ulipoanza kuongea juu ya vyoo."

Chai ilichemka ikamwagikia makaa, hakuna aliyeiondoa. Chifu alivaa kofia yake polepole.

"Kwa hivyo hii ni mkutano."

"Ilikuwa."

"Askari. Lete huyu ofisini."

Askari alimshika Muema mkono. Ndipo Wayua alipoanza kuimba, wimbo ule wa kusindikiza jeneza, na wanawake wenye leso wakaitikia, na wenye tai wakasimama. Wakatoka wote nyuma ya Muema kandokando ya barabara. Chifu aligeuka mara mbili kuwafukuza, lakini wenye maduka walikuwa tayari wamevua kofia na kurudisha milango nusu, kama inavyopasa msiba unapopita, na hakuna chifu aliyewahi kutawanya msiba mbele ya watu.

Mama muuza viazi alisimama na kujifunga kanga vizuri.

"Ngai, poleni. Ni nani amekufa?"

"Hajafa bado, mama," Wayua alisema. "Ndiyo kwanza anapelekwa ofisini."