Doa la Ukingoni

Fundi cherehani aliitua bahasha juu ya meza ya fundi fremu kama mtu anayetua yai, na kabla hawajamaliza kusalimiana akasema anataka doa lifutwe kwanza.

Ndani mlikuwa na mchoro wa penseli wa marehemu baba yake, alioukuta chini ya sanduku lake. Mto, mawe, mti ulioinamia maji. Maji yenyewe yalikuwa karatasi tupu isiyoguswa, lakini ukiyatazama unayaona yanakwenda. Doa lilikuwa chini, ukingoni. Alikuwa na miaka minne alipoukandamiza mchoro ule kwa kidole gumba. Baba hakumgombeza. Aliuchukua tu, na haukutundikwa ukutani hata siku moja. Miaka arobaini binti yake alikaa na donge hilo rohoni. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini doa, alijiambia, linafutika.

Fundi fremu, mzee mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kipajini, alichukua kifutio. Ila hakuwa mtu wa kufuta kitu kabla ya kukiinamisha dirishani. Akauinamisha mchoro kwenye mwanga, akatazama, akakirudisha kifutio kikoponi.

“Mwanangu, hapa hapafutwi. Matete yamechorwa juu ya kingo za doa. Kidole kilitangulia, penseli ikafuata.”

Akamwonyesha anga ya mchoro, mahali wingu lilipofutwa likabaki kovu. Baba alikuwa na kifutio, tena alikitumia. Kwa alama ya kidole cha mwanawe alikiweka kifutio kando, akaizungushia matete mpaka pakawa kichaka.

Fundi cherehani alilielewa jambo hilo upesi. Yeye mwenyewe, pasi ikiunguza gauni la mteja, hushona ua juu ya tundu, na wateja wengine hurudi kuomba ua la pili. Lakini ua hushonwa ili kuficha. Baba aliacha katikati wazi, mistari ya kidole ikihesabika.

“Mbona hakuutundika?” aliuliza.

“Pengine hakuwa na fremu tu,” mzee alijibu.

Fundi cherehani akacheka, na machozi yakamtoka humo humo. Akamshukuru baba yake kwa sauti, mbele ya mtu asiyemjua, wala hakuona haya. Kisha akaomba fremu isimeze ukingo ule.

Mzee aligeuza karatasi, akauliza aandike nyuma jina la nani.

“La baba,” alisema. Akafikiri kidogo. “Na langu. Tulichora wawili.”