Likizo ya Mama Mdogo

Mwezi wa Agosti mwaka 1998, Nahimana alitandaza karatasi ya kaki sakafuni, akamsimamisha mwanawe Tito juu yake na kumwambia atulie kama askari. Akazungusha kalamu kando ya miguu yake, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Salvator, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, alikataa katakata kusimama. Ilibidi baba yao, Dominiki, ambebe kwapani na kumshusha mguu mmoja mmoja, kama karani anayegonga mhuri. Karatasi zile zilikunjwa, zikatiwa kwenye bahasha na kuondoka Greyville, mtaa wao wa Durban, kwenda Norwe, kaskazini kabisa, ambako Colette, dada yake Nahimana, alikuwa ameahidi kuwaazimia watoto viatu vya theluji kwa majirani. Viatu vya Durban, aliandika, huko ni sawasawa na kutembea peku.

Safari ilikuwa ya Desemba, wiki mbili nzima. Tito, mwenye miaka mitatu, hakuelewa ni baridi gani hiyo inayokuja na Krismasi, maana kwa akili yake Krismasi ni siku za kushinda baharini na kulala bila shuka. Lakini jina la sleji alilishika upesi. Kila mgeni aliyekanyaga mlangoni alielezwa kwamba kuna kiti kisicho na magurudumu, unakikalia, mlima wenyewe unakusukuma.

Katika nyumba hiyo ya chumba kimoja na sebule, mtu pekee aliyeijua baridi alikuwa Dominiki. Alikuwa Mtanzania wa Kigoma, dereva wa foklifti katika ghala la samaki wa barafu kule Mobeni, na kwa sababu Desemba ndio mwezi ambao ghala halipumui, yeye hakupewa ruhusa ya kusafiri. Alileta makoti mawili mazito ya kazini yaliyochanika mikono, na Nahimana akayakata na kuyashona upya kwa vipimo vya watoto. Dominiki alimfundisha mkewe alichojifunza kwa mwili wake: baridi haianzi na kifua, inaanza na vidole. Mtoto akinyamaza ghafla, mvue glavu umtazame kucha.

Haya yote Nahimana aliyaandika katika daftari. Colette alituma barua, naye akazinakili humo siku kwa siku. Siku ya kwanza kupumzika. Siku ya pili sleji, kwenye kilima nyuma ya shule. Siku ya nne kwenda kuwaona wale wanyama wenye pembe kama matawi, ambao watu wa huko huwafuga kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Jua halitachomoza kabisa, Colette aliandika, kwa hiyo waambie watoto mapema wasije wakaogopa. Mchana kuna mwanga kidogo wa buluu, kisha basi. Katika barua moja kulikuwa na mchoro wa penseli za rangi: nyumba nyekundu, watu wazima wawili na watoto watatu wameshikana mikono. Chini yake, kwa herufi zilizopinda, paliandikwa Ineza.

Mchoro huo Nahimana hakuubandika ukutani. Aliulaza ndani ya Biblia, akawa anaufungua peke yake.

Ineza alikuwa mwanawe wa kwanza. Alimzaa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi ambako yeye na Colette walikulia wakizungumza Kiswahili, akamzaa kwa mume wake wa ujanani, Vénérand. Oktoba ya mwaka 1993 mtoto akiwa na miaka miwili, Nahimana alivuka kwenda Uvira kununua vitenge vya biashara. Colette alikuwa anakwenda Ruyigi, ukweni kwake, akaomba aondoke na Ineza akacheze na wanawe. Ilikuwa safari ya siku nne tu. Katika siku hizo nne nchi ikawaka moto. Vénérand aliuawa. Ruyigi zikatoka habari kwamba katika boma la wakwe hao hakusalia mtu, na Nahimana akakaa matanga ya watu sita bila kaburi hata moja. Baadaye alivuka ziwa kwenda Kigoma, akaolewa na Dominiki, akapata uraia wa mumewe, wakahamia Durban. Alizaa tena. Jina la Ineza alilitaja kanisani tu, katika misa ya marehemu.

Mwaka 1997 ikaja barua kupitia watu wanaotafuta waliopotezana. Colette alikuwa hai. Mume na watoto wake wawili waliuawa mbele ya macho yake, lakini yeye alikimbia hadi kambi ya Kibondo akiwa na Ineza mgongoni. Kambini walipomwuliza ni mtoto wa nani, alisema ni wangu, kwa sababu watoto wasio na mzazi walitengwa. Kwa karatasi hizo hizo za mama na bintiye wakachukuliwa kupelekwa Norwe.

Tangu hapo Nahimana alikuwa akizungumza na Ineza kwa simu akiwa mama mdogo wa Durban. Jina hilo lilikuwa la muda. Yeye na dada yake walikubaliana kwamba jambo kama hilo mtoto haambiwi kwa waya. Ataambiwa ana kwa ana, nyumbani, siku ya tatu ya likizo, baada ya sleji na kabla ya wanyama, ili apate siku nyingi za kulizoea. Katika daftari siku ya tatu iliachwa wazi. Na yako mambo mengine ambayo Nahimana hakuyaandika popote. Alikuwa amekwenda katika shule ya msingi jirani akaomba nafasi ya msichana wa miaka saba kuanzia Januari. Alinunua sare ya shule, akaikunja na kuiweka chini ya godoro. Sebuleni alipima kwa macho mahali ambapo kitanda cha tatu kingeenea.

Jumapili moja ya Oktoba, baada ya misa, Constance alimwita kutoka chini. Huyu alikuwa Mkongo mwenye saluni ya kusuka kwenye ghorofa ya chini, na simu yake ndiyo iliyokuwa simu ya jengo zima.

"Mama Tito, simu iko. Ni ya Ulaya."

Colette alisalimia kwa muda mrefu. Aliuliza hali ya Salvator mara mbili. Nahimana alimjua dada yake, akajua kwamba kuna kitu kinazungukwa.

"Mdogo wangu," Colette alisema mwishowe, "nina ombi. Ukija, uje kama mama mdogo."

"Nilidhani hivyo ndivyo tulivyokubaliana, hadi siku ya tatu."

"Hadi mwisho. Uje mama mdogo, uondoke mama mdogo."

Nahimana aliketi kwenye kiti cha wateja. Wasichana wawili waliokuwa wanasukwa walimtazama kwenye kioo, kisha wakaangalia pembeni.

Colette aliongea kama mtu aliyekariri kwa siku nyingi. Alisema kuna suala la karatasi. Akionekana alidanganya, hajui watamfanya nini. Alisema ni juzijuzi tu Ineza ameacha kuamka usiku akipiga kelele. Alisema pia kwamba mtoto aliiona picha ya Nahimana akauliza kwa nini anafanana na mama mdogo kuliko anavyofanana na mama yake, na siku hiyo Colette alijifungia bafuni akalia hadi maji yakapoa. Kisha akaacha kukariri.

"Nilipoteza watatu siku moja. Yeye alikuwa mgongoni, ananiambia ana kiu. Kama si ile kiu yake, mimi ningekaa palepale barabarani nisubiri."

"Ni mwanangu, dada."

"Najua. Kila asubuhi nikimwamsha, najua."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini hawakusema mzazi yupi. Colette alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba kwa kweli hakuna atakayedanganya. Mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Tito ataitwa mdogo wake, yeye ataitwa dada, na Nahimana ataitwa mama mdogo. Yote ni kweli tupu. Ndipo Nahimana alipoona kwamba lugha yao wenyewe, ile ya Buyenzi, ilikuwa na nafasi ya kutosha kumficha humo, wala hapangehitajika hata neno moja la uongo. Akaweka simu chini bila kuaga.

Dominiki aliposikia alikasirika kama ambavyo hakuwahi kukasirika. Alisema haki haiombwi. Aende, na siku ile ile ya kwanza aseme ukweli mbele ya mtoto, mbele ya serikali ya huko ikibidi. Colette ashukuriwe kwa kulea, lakini kulea si kuiba. Nahimana alimsikiliza, na kwa wiki tatu alikuwa upande wa mumewe. Aliendelea kushona. Alifuma kofia mbili za sufu, kisha ya tatu kubwa zaidi, akiukadiria ukubwa wa kichwa alichokiacha kikiwa cha mtoto wa miaka miwili. Alifumua mara nne. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Colette: kwamba wanawe wawili alikuwa amewachora nyayo, na huyu hakujua hata kichwa chake kimefika wapi.

Katikati ya Novemba simu ililia tena kwa Constance. Safari hii ilikuwa sauti ya mtoto, Kiswahili cha kambini kilichoanza kupata kutu.

Ineza alisema mama yuko dukani na yeye amepiga mwenyewe, namba iko kwenye friji. Akaeleza mpango wake wote wa likizo bila kuvuta pumzi. Tito atalala kitanda cha juu, ila kama anakojoa atalala cha chini. Sleji ni mbili, nyekundu ya kwake na ya kijani ya jirani, na Salvator atakaa mbele yake, atamshika tumboni. Ameshawatengea taa ndogo ya usiku kwa sababu hata yeye mwaka wa kwanza aliogopa jua lilipokosekana. Kisha akashusha sauti.

"Mama mdogo."

"Naam, mwanangu."

"Wewe hutanichukua?"

Nahimana aliubana mkono wa simu kwenye sikio. Aliuliza nani amesema atamchukua.

"Hakuna. Mama analia tangu tuanze kupanga. Nikimuuliza anasema amefurahi. Watu wakifurahi hawafungi mlango." Pumzi yake ilisikika ikigonga kwenye simu. "Mkija nitalala na mama. Chumba changu mchukue nyinyi, lakini mimi nitalala na mama."

Jibu la Dominiki lilikuwa tayari mdomoni mwa Nahimana, limekomaa kwa wiki tatu. Kungetosha sentensi moja. Alifikiri ukweli huo angeusema kwa faida ya nani. Aliwaza mtoto aliyesimama kwenye kiti ili aifikie namba kwenye friji, mwenye mama mmoja tu duniani, anayempigania kwa siri dhidi ya mgeni.

"Sikuchukui," akasema. "Nakuja kutembea tu. Tutacheza, kisha nitarudi na wanangu."

"Wawili?"

"Wawili."

"Basi njooni," Ineza alisema, na sauti yake ikafunguka. Akaongeza kwamba wasisahau glavu.

Constance alimletea maji, akageuza kibao cha mlangoni ili wateja waone pamefungwa, akamwachia saluni kwa nusu saa. Siku iliyofuata Nahimana alikwenda shuleni kusema kwamba yule msichana hatakuja. Karani alimwuliza kama familia imehama. Alijibu ndiyo, imehama. Dominiki alipofika kutoka Mobeni, alimkuta ametoa sare chini ya godoro anaipiga pasi ili ampe mtoto wa jirani. Hakubishana tena. Alikaa kitandani bado na viatu, akauliza kama hiyo kofia ya tatu imekwisha.

Walikwenda. Kila kilichoandikwa kwenye daftari kilitimia: sleji, wanyama wenye pembe, mwanga wa buluu wa mchana. Salvator alilia kwa sababu ya baridi kisha akalia alipoingizwa ndani. Siku ya tatu, ile iliyokuwa wazi, walioka mikate. Colette alimwangalia mdogo wake siku nzima kama mtu anayechunga maziwa jikoni, na ilipofika jioni akaja akasimama nyuma yake kwenye sinki, akamwekea paji la uso begani, wakakaa hivyo. Ineza alilala kwa Colette usiku wa kwanza hadi wa nne. Wa tano alirudi chumbani kwake, akapanda kitandani kwa Tito.

Siku moja kabla ya kuondoka aliomba asukwe kama wasichana wa Durban. Alikaa sakafuni kati ya magoti ya Nahimana, akaegemea. Nahimana alizigawa nywele kwa kitana taratibu, maana hakutaka zikwishe. Nyuma ya sikio la kushoto kidole chake kikagusa kovu, refu kama punje ya mchele. Alikuwa amelisahau. Lilikuwa la uji wa moto, jikoni Buyenzi. Alikimbia na mtoto mikononi hadi zahanati bila viatu.

"Hapo niliumia kambini," Ineza alisema, akihisi kidole kimesimama. "Nilianguka. Mama alinibeba mpaka kwa daktari, hata viatu hakuvaa."

Colette alikuwa mlangoni na nguo za kukunja mikononi. Aliinamisha uso.

"Pole sana, mwanangu," Nahimana akasema.

Ni neno ambalo mtu mzima yeyote humwambia mtoto yeyote. Ineza hakugeuka. Aliinamisha kichwa zaidi, ili mama mdogo aendelee na upande wa pili.