Ganda la Wade Sedlak

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Marlys Hruska alimwaga ndoo ya maganda ya risasi za bastola juu ya taulo, kwenye meza ya gereji ya mjomba wake, akaanza kutafuta yenye ufa. Alikuwa bado mwanafunzi wa kazi ya kugeuza maganda kuwa risasi tena. Mashine ya kujazia risasi upya aliirithi kwa kaka yake Leland, aliyeuawa mwezi wa Agosti, na hakuwa na moyo wa kuiuza wala wa kuiacha ishike kutu. Mjomba Delmar, mwenyekiti wa klabu ya shabaha ya Dvorek, alikubali kumfundisha, ingawa subira hakujaliwa.

Kazi yenyewe inachosha hata kwa mwenye macho mazima. Unatazama mdomo wa ganda kama umepasuka, unapapasa kitako kama kimevimba, unachungulia kishimo cha fataki, pale pini ya bastola inapogonga, kama kimelegea. Kisha unachukua machache kiganjani, unayatikisa na kutega sikio. Ganda zima hulia kama kijikengele. Lenye ufa hulia kama limejaa uji, nalo hutupwa, halijazwi tena.

Tatizo ni kwamba maganda ya Dvorek yanasema. Kila ganda hubaki na maneno ya mwisho yaliyotamkwa karibu na bastola kabla haijafyatuliwa, na ukilitikisa linayarudia, mpaka siku lijazwe na kufyatuliwa tena. Hapo husahau ya zamani na kushika mapya. Wazee wa klabu wameshazoea. Kwa mwanafunzi ni kero tupu, maana unasikiliza ufa na unachosikia ni bei ya mahindi.

"Nani kamaliza vile vikate vya kolache vya plamu?" likasema moja.

"Shemeji yako huyo," likajibu jingine, ingawa lilifyatuliwa mwaka tofauti.

"Nyamazeni basi, nyie," Marlys alisema.

"Usiyajibu," Mjomba Delmar alisema bila kuinua kichwa. "Ukiyajibu tutakaa hapa mpaka Krismasi. Na hilo ulilotia kwenye mazuri lina uvimbe. Litoe."

"Nimelitazama, mjomba."

"Umelitazama kama unavyotazama runinga. Lipapase."

Akalipapasa. Lilikuwa na uvimbe. Alitamani kulirusha dirishani, na ndoo nzima ilifuate. Badala yake alichota mengine, akatikisa.

"Wade, ni mimi," Leland akasema. "Subiri niweke spana chini."

Marlys aliyatenga moja moja mpaka akabaki na lenyewe. Akalitikisa tena. Kaka yake akarudia, kwa sauti ileile ya mtu aliyechoka na anayetaka kwenda kula.

Jioni ile ya Agosti Leland alikwenda kufunga pampu ya maji kwenye shamba la jirani aliyelazwa. Mpita njia akapiga simu kwamba kuna mwizi. Akaja Wade Sedlak, askari wa kaunti, aliyecheza mpira na Leland tangu utotoni. Taarifa ya Wade ilisema kulikuwa na giza, hakumtambua, alimwamuru aweke silaha chini na mtu huyo akakaidi. Neno hilo, akakaidi, ndilo lililomkosesha Marlys usingizi. Hata kanisani walimwombea Leland kama watu wanaomwombea mbishi.

Ganda la risasi ile halikuonekana. Walisema limepotelea kwenye majani. Kumbe hakuna aliyelificha. Mpiga shabaha yeyote wa Dvorek hufundishwa kuokota maganda yake kama mtoto anavyofundishwa kufuta viatu mlangoni. Wade alimpiga Leland risasi, akainama, akaokota ganda, akalitia mfukoni, kisha akaita gari la wagonjwa. Siku ya mazoezi akakung'uta mifuko yake kwenye ndoo ya klabu. Mtu anaweza kuchanganyikiwa kwa hasira akitafuta njama mahali palipo na mazoea tu.

Mjomba Delmar alilitikisa karibu na sikio lake linalosikia vizuri.

"Ni yeye," alisema.

"Jumatatu nalipeleka kwa mwendesha mashtaka."

"Lipeleke. Gari nitaendesha mimi."

Mwendesha mashtaka, Janelle Ohlrich, aliwakaribisha Marlys na mjomba wake ofisini, akalitikisa juu ya meza yake, akasikiliza, akalitikisa tena kwa adabu.

"Leland kabisa," alisema. "Nilisoma naye."

"Basi futa lile neno, akakaidi."

"Marlys, mpenzi, lingeokotwa na mpelelezi pale shambani, sawa. Hili limetoka kwenye ndoo ambayo kaunti nzima inatia mkono. Na faili imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na mimi."

Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, Janelle akampigia simu Wade aje achukue mali yake. Wade alifika upesi, kofia mkononi.

"Samahani kwa usumbufu, Marlys," alisema. "Nililitafuta sana."

Marlys alilichukua ganda mezani, akalifumbata. Kwenye klabu ya Dvorek ganda ni la aliyelifyatua. Akiliulizia, hurudishiwa, hata kama lilikuwa ndooni. Wote wanne waliokuwa ofisini walilijua hilo.

"Mpe," Mjomba Delmar alisema.

"Mjomba, huyu ni Leland."

"Nimemsikia. Mtoto wa dada yangu nisimsikie? Lakini ganda ni lake. Kanuni hiyo niliiandika mimi."

Wakati ule Marlys alimchukia mjomba wake kuliko alivyomchukia Wade. Akafungua kiganja. Wade akalichukua, akaupitisha ukucha mdomoni mwa ganda, akashukuru.

Jumamosi iliyofuata Wade alikuja uwanjani na risasi alizojaza mwenyewe. "Naanza na lile," alimwambia Marlys, kama mtu anayetoa taarifa ya kitu alichoazimwa. Akavaa vizibo vya masikio. Akasema, "Tayari," akafyatua. Ganda likaruka, likaangukia changarawe karibu na viatu vya Marlys, na kwa kuwa siku za mazoezi wanafunzi huwaokotea wakubwa, aliinama akaliokota. Lilikuwa bado la moto. Akalitikisa.

"Tayari," likasema, kwa sauti ya Wade.

Akalitikisa tena, na tena, mpaka wapiga shabaha wengine wakageuka kuangalia.

"Lina ufa?" Mjomba Delmar aliuliza kutoka nyuma yake.

Marlys alitazama mdomo. Akapapasa kitako polepole, pande zote. Akachungulia kishimo cha fataki.

"Lina," alisema.

Mjomba Delmar alilichukua, akaligeuza juani. Mdomo ulikuwa mzima, kitako hakikuvimba.

"Halina," alisema, akalitia kwenye mazuri.